Nguzo zimeoza chini: je, nimwage zege?

SWALI: Nimerithi nyumba ya babu hapa Pangani. Ni ya miti iliyokandikwa udongo, vyumba sita na ukumbi katikati, juu bati. Ukuta wa upande wa barabarani umeinama, na lipu ya saruji tuliyopiga inabanduka kwa chini. Nilipobomoa kidogo nikakuta nguzo mbili zimelika usawa wa ardhi. Fundi anashauri tuchimbe kuzunguka nguzo zote tumwage zege, halafu tupige lipu upya hadi kwenye madirisha. Itasaidia?

JIBU: Usimwage hilo zege, ndugu yangu. Swali lako huletwa kwangu kila masika yakikaribia, na karibu kila mara mwenye nyumba amekwisha kupewa ushauri huohuo: zege chini, lipu juu. Nguzo zako hazikuoza kwa kukosa saruji. Zimeozeshwa na maji, na lipu mliyopiga ikayazuia yasitoke.

Mti mkavu hauozi. Kuvu wanaoula wanataka maji na hewa kwa pamoja. Unyevu wa mti ukiwa chini ya asilimia 20 hivi, hawawezi kitu. Ndiyo maana ukiing'oa nguzo ya mkoko ya zamani unaweza kukuta ncha iliyozama kwenye tope bado ngumu, juu nako ngumu, lakini pale inapotokea ardhini pamebaki unga. Sasa fikiria zege likiizunguka sehemu hiyohiyo. Mti huvimba na kunywea kwa majira, zege halisogei. Baada ya muda ufa mwembamba hufunguka kati yao, mvua inateremka humo na haina pa kutokea. Fundi amekujengea kikombe, na nguzo ameisimamisha ndani.

Lipu nayo ni hivyohivyo. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa kwa jua na upepo. Wazee walisiriba kwa udongo laini au chokaa, ambavyo hupitisha mvuke. Saruji huubana, unyevu unapanda juu zaidi kutafuta njia, fito zinalowa, na mchwa wanapata kichochoro chenye giza na majimaji usichokiona. Ukipiga lipu nyingine hadi madirishani, unawapandishia mchwa ngazi.

Umesema juu kuna bati. Ikiwa zamani yalikuwa makuti, simama nje utazame matone yanaangukia wapi. Upenu wa makuti ulivuka baraza. Watu wakibadili kwenda bati hupunguza upenu ili kuokoa shiti mbili tatu, na mvua yote inashuka kwenye kitako cha ukuta. Tena ukuta wako ulioinama ni wa barabarani. Barabara za mitaa yetu hujazwa kifusi mwaka hadi mwaka mpaka zinakuwa juu kuliko sakafu za nyumba. Chunguza hilo kabla ya yote. Refusha upenu au weka mfereji wa bati, chimba mtaro, teremsha udongo uliorundikana ukutani.

Kisha chukua bisibisi, uichome kila nguzo usawa wa ardhi. Ikizama kwa nguvu za mkono tu, nguzo hiyo imekwisha hapo. Tegemeza kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, kwa magogo imara, ndipo mshughulikie nguzo moja baada ya nyingine, kamwe si ukuta mzima. Kata hadi ufikie sehemu ya mti isiyooza, unga kipande kipya cha mbao ngumu kwa mkato mrefu wa mshazari, ukaze kwa bolti. Kipande hicho kikae juu ya jiwe au kitako cha zege kilichoinuka kutoka ardhini. Zege liwe chini ya nguzo, lisiizunguke. Ukitaka mkoko, pata kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Kuna jambo hapa ambalo hata mafundi wazuri hulipitia juujuu. Nguzo iliyochimbiwa ndiyo inayoizuia nyumba isiyumbe na isinyanyuliwe na upepo, hasa ikiwa na bati jepesi. Ukiikata ukaikalisha juu ya jiwe, mshiko huo umeondoka. Funga kila nguzo kwa chuma kwenye kitako chake, na weka mbao za mshazari kwenye pembe za nyumba. Kuinama nako, kama timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) linaonyesha hakuongezeki, kuacheni. Wanaovuta ukuta unyooke kwa siku moja huvunja viungo vya juu.

Mwisho kandika, siriba kwa chokaa iliyolowekwa vizuri, kipimo 1 kwa 3 za mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta maji.

Nataka pia muachane na oili chafu ya injini. Kuipaka kwenye nguzo si kinga ya kutegemea dhidi ya mchwa. Haizami sana ndani ya mti, chokaa haiishiki, na mvua huipeleka kisimani. Hizo dawa za mchwa zinazouzwa kwenye chupa za maji zisizo na lebo ni hatari zaidi, maana hata muuzaji hajui amekuuzia nini.

Wenye nyumba za mawe msidhani hili haliwahusu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuta za matumbawe na chokaa zinapigwa lipu ya saruji ile ile, na boriti zinaozea vichwani, ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna jicho linalofika hadi dari ishuke. Nyumba iliyosimama miaka mia inaharibiwa na matengenezo ya wiki moja, na mwenyewe amelipia. Popote ulipo, fundi akikutajia idadi ya mifuko ya saruji kabla hajachimba hata shimo moja kando ya nguzo, wala hajauliza maji ya mvua yanakwenda wapi, usimpe malipo ya awali.