Walikuwa kabini moja, mbona yeye ndiye aliyeumia zaidi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mume wangu ni utingo wa semi-trela, Dar es Salaam hadi Tunduma. Saa nane usiku gari lao lililivaa kwa nyuma lori lililoharibika barabarani. Dereva katoka na mkono uliovunjika. Mume wangu yuko wodini wiki ya tano sasa, paja na nyonga. Majirani wanasema amechezewa kichawi, maana walikuwa kabini moja. Nami naanza kuamini. – Mke wa utingo, Makambako

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Nimeshika usukani miaka 24 katika barabara hiyohiyo, na nakuambia hakuna aliyemchezea. Kabini ni moja, viti si sawa.

Lori bovu huachwa upande wa kushoto. Dereva analiona likiwa karibu mno, mikono inakata kulia kabla hajawaza lolote. Upande wake unaponea chupuchupu, kona ya tela la lori bovu inaingia kushoto, na kushoto ndiko anakokaa utingo. Tena malori yetu mengi ni ya uso bapa, hayana boneti ya kupokea kishindo. Kinachopokea ni magoti.

Muulize taratibu, bila kumlaumu, alikuwa amekaaje. Saa hizo matingo wengi wamelala, miguu juu ya dashibodi. Gari likigonga, dashibodi inarudi nyuma na kulisukuma paja hadi kwenye nyonga. Na mkanda je? Wa dereva hufungwa kwa kuwaogopa trafiki. Wa utingo nimeukuta mara nyingi umefukiwa chini ya blanketi, una vumbi la mwaka mzima.

Mwendo nao una sehemu yake. Sheria inaturuhusu kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, ukisinzia sekunde mbili umepita mita 44 bila dereva. Na lori la 80 halipigi mara mbili ya lori la 40, linapiga mara nne. Ndiyo maana hata breki ya dakika ya mwisho huokoa: ukishuka mpaka 60, kishindo kinabaki zaidi kidogo ya nusu.

Kinachonichoma moyo ni lile lori bovu. Matawi tunayotandaza barabarani kuwaonya wenzetu hayang'ai usiku! Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbali nyuma ya gari, mwenzako azione mapema.

Mzigo pia huua. Niliwahi kupakia mbao Mafinga, nikateremka Kitonga, ng'ombe akakatiza. Nilikanyaga breki, mbao zikateleza mbele na kutoboa ukuta wa kabini, palepale kwenye mto wa kitanda cha nyuma. Utingo wangu alikuwa ametoka kulala hapo dakika chache nyuma. Kamba mbili zililegea, na mimi ndiye niliyesema zinatosha.

Akiruhusiwa kurudi kazini, mwanangu, msindikize mpaka garini. Uinue blanketi la kiti cha kushoto, uuvute mkanda kwa mkono wako, uufunge na kuufungua. Ukiwa hauvutiki au hauna kifungio, asipande mpaka tajiri mwenye gari autengeneze.