Kusi mpe uso asubuhi: jibu kwa aliyeuliza kuhusu baiskeli Mombasa baada ya masika

Kaka aliyehamia Bamburi kutoka Nakuru ameuliza hivi: mvua zimekatika, amenunua baiskeli ya mtumba, anataka kuzunguka nayo wikendi kwa raha zake, si kwa mashindano. Aende wapi, atoke saa ngapi, na je, ni kweli kwamba kuendesha Mombasa ni rahisi kwa kuwa hakuna milima? Waliotangulia wamemjibu kuwa ni kweli, ardhi tambarare, apande aende. Mimi nakaa Tudor, kisiwani, nimeendesha hapa miaka 11, na naomba nijibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu hiyo tambarare ndiyo iliyonitoa machozi.

Milima hatuna. Tuna upepo.

Nilijifunza baiskeli nikiwa mtu mzima wa miaka 30, jioni jioni, kwenye kiwanja nyuma ya nyumba, watoto wa jirani wakinishikia kiti. Jumapili moja ya Julai nikaona nimeiva. Nikatoka Tudor saa tatu asubuhi, nikavuka daraja la Nyali, nikashika Links Road, nikaingia Bamburi. Kiasi cha kilomita 10, na sikuhisi hata moja. Nilikuwa napaa. Nikanunua viazi karai na dafu, nikakaa kwenye mchanga nikitazama bahari, nikasema moyoni kumbe muda wote huu nilikuwa nimejinyima nini.

Saa saba nikageuza kurudi. Kusi, upepo wetu wa msimu huo, ilinipokea kifuani kama mlango uliofungwa. Buibui ikajaa upepo kama tanga, miguu inakanyaga lakini mnazi ulio kando ya barabara uko palepale. Nikashuka, nikasukuma, nikapanda tena, nikashuka. Ndipo akanipita mzee mmoja na Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito, madafu yamening'inia pande zote mbili za karia. Akapunguza mwendo, akaniambia, "Njoo nyuma yangu, mwanangu, karibu na gurudumu, mimi nikukatie upepo." Nikamfuata hivyo hadi Kongowea. Tulipoagana nikamwamkia na kumshukuru, akanijibu maneno ambayo sijayaacha hadi leo: "Kusi mpe uso asubuhi ukiwa na nguvu. Mgongo mpe mchana ukishachoka. Wewe leo umefanya kinyume."

Kaka yangu, hilo ndilo jibu langu, mengine yote yanafuata hapo. Kusi inaanza Aprili na kuvuma hadi kama Septemba, inatoka kusini mashariki, na katikati ya mwaka ndipo inapokuwa kali. Alfajiri huwa imelala. Kwenye saa nne inaanza kuamka, na adhuhuri kwenda alasiri inakuwa ndiyo bwana wa barabara. Wewe unakaa Bamburi, kwa hiyo una bahati ambayo mimi sina: ukitoka nyumbani elekea kusini, uje Nyali na kisiwani, uuonje upepo ukiwa bado mdogo. Ukirudi saa nne au saa tano utakusukuma hadi mlangoni. Sisi wa kisiwani tukija kwenu tunasukumwa kwenda, halafu tunalipa wakati wa kurudi, ndiyo maana mimi msimu huu natoka mapema sana ili niwe nimerudi kabla haujaamka. Ikifika Desemba Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, ikishika, mambo yanageuka, na utakapoona wenzako wa Bamburi wanaelekea Shanzu na Mtwapa asubuhi usishangae.

Wenzetu wa Ulaya huzitoa baiskeli Machi na Aprili baridi inapowaachia. Sisi miezi hiyo ndiyo tunaziingiza ndani, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Furaha yao ya Aprili sisi tunaipata kuanzia sasa, kwenye kipupwe, jua likiwa na adabu. Na ukivumilia hadi demani, Septemba na Oktoba Kusi inapolegea na bahari kutulia, utaendesha hata alasiri bila kugombana na mtu. Kwangu mimi hakuna wakati mzuri kama huo mwaka mzima.

Lakini kabla ya kwenda popote, peleka baiskeli kwa fundi. Usiseme inazunguka vizuri. Baiskeli iliyopitiwa na masika ya pwani inaumwa kwa ndani. Fundi wangu anakaa chini ya mwarobaini kule Majengo, na mwaka jana nilimpelekea yangu nikidhani inataka upepo wa tairi tu. Akaigeuza miguu juu, akazungusha gurudumu la nyuma, akaweka sikio kwenye fremu kama daktari. Kisha akafungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, akamimina gololi kwenye mkebe wa dagaa wenye mafuta ya taa. Grisi ilikuwa imegeuka nyeupe kama uji wa mchele, maana maji ya mvua yalishaingia na kuchanganyika nayo. Akaziokota gololi moja moja, anaiviringisha kwenye kiganja, anaitazama kwenye mwanga. Zenye vitone vyeusi vya kutu akazitupa kando. Nilihesabu saba. Akaniambia ningeendelea nazo zingekula kikombe chote cha habu, na hapo ningenunua gurudumu zima. Kwa hiyo mwambie fundi wako afungue mahabu yote mawili na pale pedali zinapopita kwenye fremu, aoshe, apake grisi mpya mbele ya macho yako. Breki za mpira zikiwa zimekauka na kung'aa, badilisha. Hela utakayoacha pale ni ndogo kuliko utakayoacha ukichelewa.

Barabara nazo zina yao baada ya mvua. Maji yanasomba mchanga na kuukusanya kwenye kona na kwenye miisho ya lami, na mchanga mkavu juu ya lami unateleza, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ukiwa ndani yake. Shimo lenye maji usiliamini. Na tuktuk: ukiona iko mbele yako, kiti cha nyuma kitupu, na kuna mtu ameinua mkono kando ya barabara, jua kwamba itakukatia njia sasa hivi, haitasubiri. Barabara kubwa ya Mtwapa mimi siipendi kwa starehe, malori ni mengi, naitumia nikilazimika tu. Juu ya daraja la Nyali upepo unakupiga ubavuni, na ukiwa bado mgeni, shuka usukume kwenye njia ya waenda kwa miguu. Hakuna atakayekucheka.

Sasa pa kwenda. Wengi watakwambia pwani, na ni kweli, lakini pwani ina saa zake. Mchanga wa kuendeshea ni ule uliotoka kwenye maji muda si mrefu, mgumu, umenyooka, gurudumu linaacha alama nyembamba tu. Ule mkavu wa juu utakuzamisha. Kwa hiyo uliza maji kabla ya kuuliza njia. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, huku kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Ukiingia ufukweni saa mbili na nusu unapata uwanja unaoongezeka kadiri unavyokwenda. Kila siku inayofuata maji yanachelewa kama dakika 50. Siku za maji mafu hayaendi mbali, ufukwe unabaki mwembamba, na mimi siendi. Msimu huu wa Kusi pia utakuta mwani umerundikana, hasa baada ya usiku wa upepo mwingi. Zunguka, usipite juu yake, unajisokota kwenye mnyororo kama uzi.

Na ukitoka pwani, siku hiyohiyo, si kesho, osha baiskeli kwa maji baridi ya kunywa, ifute, iache ikauke, tia mafuta kwenye mnyororo. Niliwahi kuiacha wiki tatu kwa uvivu. Mnyororo ulikatika katikati ya daraja siku ya kazi, nikasukuma hadi Tudor mikono imejaa kutu.

Hapo kwenu Bamburi kuna njia za msituni, kwenye yale machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaliyopandwa miti. Nenda, tafadhali. Hakuna gari, kuna kivuli, na upepo unausikia juu ya miti tu haukufikii. Kazi ile ilianza mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alipoanza kupanda miti kwenye mwamba mtupu ambao wengi hawakudhani ungeota kitu. Mvinje ulikubali, lakini majani yake yanayodondoka hayakuwa yanaoza, yalirundikana tu. Wakaleta majongoo, yakayatafuna, yakayageuza udongo, na miti mingine ikapata pa kushika. Hilo nalikumbuka kila nikipita, kwa sababu gurudumu linapita juu ya tandiko laini la majani ya mvinje, halina kelele, na baada ya mvua majongoo wenyewe wanavuka njia, wakubwa kama kidole. Nawakwepa. Wameifanya kazi yao.

Kisiwani mimi napenda Jumapili baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijachomoza. Makadara, Ndia Kuu katika Mji wa Kale, ambapo vichochoro ni vyembamba na unaendesha polepole ukiwaamkia wazee waliokaa barazani. Halafu Fort Jesus, halafu barabara ya Mama Ngina kando ya bahari hadi kwenye mibuyu. Pale bahari iko wazi mbele yako, meli zinaingia bandarini karibu kiasi kwamba unaona watu juu ya sitaha, na Kusi ya asubuhi ni ya kukupoza jasho tu. Tangu walipokarabati mwaka 2019 kuna nafasi zaidi ya kutembea, kwa hiyo kuwa mpole na watembeaji na watoto. Mihogo ya kukaanga huanza jioni, asubuhi utapata kahawa ukirudi kupitia mjini.

Neno moja kwa dada zangu, maana wawili wamenitumia ujumbe pembeni. Buibui na baiskeli vinapatana. Tafuta baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo, vaa suruali ndani, kunja pindo ulifunge kwa kitambaa juu ya goti, na mtandio uubane vizuri. Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na maneno mtaani, mwanamke na baiskeli wapi na wapi. Bibi mmoja aliyesema sana ndiye aliyeniletea mjukuu wake wa kike mwaka juzi, akaniambia nimfundishe, na sasa mtoto huyo ananiacha nyuma.

Kaka, Jumapili hii nitakuwa chini ya mibuyu ya Mama Ngina kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili. Baiskeli yangu ni ya kijani, ina kikapu mbele. Ukitoka Bamburi baada tu ya alfajiri utafika bila shida, maana Kusi itakuwa bado imelala, lakini washa taa hadi kupambazuke. Beba pampu, chupa ya maji na tyubu ya akiba. Mahamri nitaleta mimi.