Filamu siielewi lakini siwezi kuizima, inakuaje?

Swali: Habari kaka, juzi usiku nimeangalia Eraserhead ya David Lynch, sijaelewa kitu ila nimeshindwa kuizima mpaka imeisha. Nina simu na maiki ndogo, nataka kutengeneza filamu fupi ya namna hiyo. Nikichanganya tu vituko vya ajabu si inatosha?

Jibu: Salama mdogo wangu. Haitoshi, mi kazi yangu kuediti na naletewaga sana filamu ambazo mtu kajaza vituko mwanzo mwisho, dakika ya nne ushachoka.

Irudie hiyo Eraserhead ukiwa na hedifoni usikilize kilichopo chini ya maneno, kuna muungurumo kama wa mtambo au upepo ndani ya bomba, karibu hauishi. Lynch aliitengeneza hiyo saundi na fundi wake wa saundi Alan Splet na ndiyo iliyokushika, maana picha ikihama ghafla kutoka chumbani kwenda kwa yule dada anayeimba ndani ya kile chuma cha kupashia joto, sikio lako bado linasema tupo palepale, basi unaacha kuuliza unaanza kungoja. Walianza kushuti 1972 ikatoka 1977, hela ilikuwa inakata kila mara, kuna sehemu Henry, yule mhusika mkuu, anashika kitasa cha mlango halafu shoti ya kuingia ndani ilichukuliwa kama mwaka na nusu baadaye, na hukuona kiraka!

Afu uigizaji. Henry yuko kwa wazazi wa Mary, mpenzi wake, anaambiwa akate kuku, vikuku vidogo vidogo, anaanza kukata kinatikisa miguu na kutoa majimaji, baba mtu anatabasamu tu na hakuna anayesema huyu kuku vipi. Sasa nani hajawahi kukaa ugenini akaona jambo na asiweze kuuliza? Na usiku huohuo anaambiwa we ni baba. Hofu yenyewe ni ya kweli kabisa, kilichobadilishwa ni nguo iliyovaa, ndo maana inakufuata mpaka kitandani.

Kwa hiyo anza na hofu moja unayoijua wewe, kituko kimoja kinatosha. Waambie waigizaji wasishangae. Usiku watu wakilala rekodi chumba chako dakika kumi bila kuongea, feni, friji, mbwa wa mbali, uitandaze hiyo chini ya filamu nzima, na picha inapokatika saundi usiikate.