Mfupa Umeunga, Lakini Mwili Bado Unaogopa

SWALI: Mhariri, mwaka jana nilianguka na bodaboda hapa Kisumu. Mguu umepona, lakini nikisikia pikipiki ikivuma nyuma yangu, mabega hukaza na pumzi hukatika. Rafiki ananishauri nijaribu tiba ya kucheza ngoma na kunyoosha viungo. Je, ni tiba kweli?
Msomaji, Kondele

JIBU: Pole sana, dada. Ni tiba kweli, ingawa haichukui nafasi ya daktari. Marian Chace, mchezaji dansi wa Marekani, aliitumia kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, kuanzia mwaka 1942, na chama cha wataalamu wa tiba hiyo kiliundwa Marekani mwaka 1966.

Hofu huharakisha moyo na kukaza misuli ili mtu akimbie au apigane, na baada ya ajali mwili unaweza kuendelea kujihami hata hatari ikiwa imepita. Anza na pumzi: keti, nyayo zote zikanyage sakafu, vuta hewa kwa pua, kisha uitoe polepole kuliko ulivyoivuta, kwa kuwa kutoa pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo. Pandisha mabega hadi karibu na masikio, yaachilie, utambue tofauti. Picha za ajali zikirudi, acha mara moja, utazame huku na huku na kutaja unavyoviona. Tafadhali usijilazimishe kamwe.

Kabla ya kucheza, mwone mtaalamu wa fiziotherapia aupime mguu huo, na umwombe akuelekeze kwa mshauri nasaha, hasa ikiwa hofu inakunyima usingizi.