Mkanda wa taimingi haupigi hodi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina gari la petroli lenye umri wa miaka 16. Nililinunua kwa mtu miaka minne iliyopita bila karatasi yoyote ya sevisi, na sasa dashibodi inasoma kilomita 143,000. Juzi fundi wangu alifungua kava la juu la injini, akamulika mkanda wa taimingi kwa tochi, akasema bado mzima, tusubiri mpaka uanze kulia. Jirani yangu anasema niubadilishe haraka. Akiba niliyonayo niliiweka kwa ajili ya matairi mawili ya mbele, na haitoshi vyote viwili. Nimsikilize nani? Na gari la umri huu linastahili gharama hiyo kweli?
Msomaji, njia panda

JIBU: Marahaba. Msikilize jirani.

Fundi wako hakukosea kumulika, ila hapo kwenye kusubiri mlio ndipo nisipokubaliana naye hata kidogo. Mkanda unaolia ni ule wa nje, unaozungusha alteneta. Huu wa ndani hufanya kazi kimya na hukatika kimya. Ukisikia sauti ya kusaga upande huo, mara nyingi ni beringi ya tenshena (kile kifaa kinachoukaza mkanda) au pampu ya maji inayokufa, na hiyo ni sababu ya kufungua siku hiyohiyo.

Mkanda huu ndio unaounganisha krankishafti ya chini, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kemushafti ya juu, mhimili unaofungua valvu za kupitisha hewa na moshi: krankishafti ikizunguka mara mbili, kemushafti izunguke mara moja, na valvu zifunguke na kujifunga kwa wakati wake. Umetengenezwa kwa mpira wenye meno, na ndani ya mpira kuna nyuzi za fiberglasi. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba mzigo, na tochi haizioni. Mikanda ya zamani ilikuwa ikipasukapasuka mgongoni, ukajua imechoka. Mpira wa siku hizi huvumilia joto zaidi, kwa hiyo unaweza kupendeza machoni mpaka siku ya mwisho. Nimeshika mikanda iliyotolewa kwenye magari yaliyozimika njiani: mgongo safi, maandishi ya kiwandani bado yanasomeka. Ukiukunja kinyume, meno yakatazama juu, unaona ufa mwembamba kama unywele kwenye shina la jino, na pale ulipokuwa umekumbatia gia ndogo ya krankishafti, meno kadhaa yamenyolewa kwa mpigo. Isitoshe, ukifungua kava la juu unaona kipande kifupi tu. Sehemu kubwa imejificha chini.

Kwa hiyo uamuzi hautoki machoni, unatoka kwenye kumbukumbu. Watengenezaji wengi huweka kikomo kati ya kilomita 90,000 na 160,000, au miaka kati ya 5 na 10, kimoja kitakachotangulia. Kitabu cha gari lako kitakupa namba kamili ya injini yako, na hiyo ndiyo ya kufuata. Angalia pia chini ya boneti na juu ya kava lenyewe: fundi makini hubandika karatasi yenye tarehe na kilomita. Ukikuta hakuna kitu, hesabu kwamba mkanda huo haujawahi kuguswa, maana yake una miaka 16. Na hizo kilomita 143,000 usizitegemee sana. Dashibodi huweza kurudishwa nyuma, tena gari linalokesha kwenye foleni huchosha mkanda huku kilomita zimesimama. Oili ikivuja kwenye sili ya kemushafti au ya krankishafti ikaulowesha mkanda, hata wenye mwaka mmoja ubadilishwe, na sili ibadilishwe nao.

Sasa kuhusu gharama. Kuna injini ambazo mkanda ukikatika, valvu na pistoni hazifikiani. Gari linazima, unavutwa hadi gereji, unafungwa mkanda mpya, unaendelea na maisha. Nyingine valvu na pistoni hupishana katika nafasi ileile kwa zamu, na mkanda ndio unaogawa hiyo zamu. Ukikatika, zinagongana. Ukifungua silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, unakuta alama za nusu mwezi juu ya pistoni, na valvu zimepinda. Hapo bili ya hedi huweza kuipita thamani ya gari zima, na magari mengi mazuri yameishia hapo kwa ajili ya kipande cha mpira. Inaniuma kila ninapoliona. Tafuta namba ya injini yako, ujue iko kundi gani kabla hujaamua. Ikiwa ni ya kugongana na unakusudia kukaa na gari zaidi ya mwaka, umri wa gari usikuzuie: badilisha. Ikiwa si ya kugongana, unaweza kujipanga miezi michache, lakini kumbuka kwamba injini ikizima kwenye mwendo, usukani na breki huwa vizito ghafla.

Matairi? Kama yamekuwa vipara, yatangulie, na gari lipumzike nyumbani mpaka upate hela ya mkanda. Kama kashata bado zipo, mkanda utangulie.

Ukienda kufunga, usinunue mkanda peke yake. Chukua na tenshena, beringi zake, na pampu ya maji ikiwa inazungushwa na mkanda huohuo. Kazi kubwa ni kufungua, na pampu ikifa baada ya miezi mitatu utalipia ufundi uleule upya. Simama pale fundi anapomalizia. Kabla hajapiga stata, azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krankishafti, kwa upande inaozungukia kawaida, kisha alama zote zirudi mahali pake. Akihisi kitu kinazuia, asilazimishe.

Na ikitokea gari likazima njiani kabla hujabadilisha, ukapiga stata injini ikazunguka kwa wepesi na upesi kuliko kawaida, bila ule mdundo wa kubana, acha hapohapo. Usirudie, wala usikubali vijana walisukume ili liwake. Kila mzunguko wa ziada unaweza kupinda valvu nyingine.

SWALI: Toyota yangu ya dizeli iliwasha taa ya T-BELT. Aliyeifanyia sevisi akaizima, akaniambia mambo yameisha. Ni kweli?
Dereva wa dizeli

JIBU: Muulize swali moja: mkanda wa zamani uko wapi? Taa hiyo haipimi hali ya mkanda. Inahesabu kilomita tu, na zikitimia inawaka. Huweza kuzimwa na mkanda ukabaki uleule. Injini za dizeli hubana hewa sana, nafasi juu ya pistoni ni ndogo mno, na karibu zote ni za kugongana. Kama hawezi kukuonyesha mkanda uliotoka wala risiti ya mpya, usisafiri nalo. Mkanda mpya ukifungwa, taa irudishwe kwenye sifuri, na tarehe na kilomita ziandikwe kwenye kava kwa wino usiofutika.