Sera Mbovu Si Lazima Iwe Batili

SWALI: Serikali ikileta tozo inayowaumiza watu, kwa nini mahakama isiifute tu? Na mbona mara nyingine huifuta?

JIBU: Jaji hapimi busara ya sera. Anaangalia kama aliyeamua alikuwa na mamlaka kisheria, kama utaratibu ulifuatwa, kama kuna haki ya kikatiba iliyovunjwa, na kama uamuzi una mantiki yoyote. Kiwango cha kodi kiwe kipi ni shughuli ya wanasiasa, ambao mpiga kura anaweza kuwang'oa. Jaji hang'oki kwa kura.

Tazama Kenya. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri akiongeza kiasi hicho hicho. Haikusema kujenga nyumba ni kosa. Ilisema kuwabana wenye ajira rasmi peke yao ni ubaguzi usio na sababu. Machi 2024 sheria mpya ikawaingiza na wenye kipato kisicho rasmi, na tozo ikarudi. Waliodhani imezikwa hawakuisoma hukumu.

Ujerumani kiasi kilikuwa kikubwa zaidi: euro bilioni 60. Serikali ilichukua idhini ya mikopo iliyotolewa kwa ajili ya janga la korona ikaihamishia mfuko wa tabianchi. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ikaizuia. Uhusiano kati ya dharura na matumizi hayo haukuelezwa vya kutosha, na bajeti ya nyongeza ya 2021 ilipitishwa mwaka ukiwa umekwisha. Kama kulinda tabianchi ni jambo jema au la, hilo halikuwa mbele ya majaji.

Ukitaka kupinga sera mahakamani, mashauri mengi huanguka hapo hapo: hati ya kiapo, yaani maelezo ya mlalamikaji aliyoyaapia, imejaa ugumu wa maisha, lakini haitaji kifungu kilichovunjwa. Ambatisha tangazo la serikali, tarehe za vikao, na maoni yaliyowasilishwa na kupuuzwa. Angalia pia muda wa kufungua shauri. Uingereza, kwa mfano, ukomo ni miezi 3, na hata ndani yake unaweza kuambiwa umechelewa.

Amri ya zuio la muda, yaani ya kusimamisha tozo hadi shauri liamuliwe, iombwe siku ile ile ya kufungua shauri. Fedha zikishakusanywa na kutumika, mahakama nyingi husita kuamuru zirudishwe, hata mlalamikaji akishinda.