Swali la lugha: Waliimba, walighani au waliitikia?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma hapa Chamwino. Kwenye taarifa ya sherehe yetu niliandika: "Akina mama wa muheme walighani kwa saa nzima." (Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo.) Mwenyekiti amelikata neno hilo kwa kalamu nyekundu. Anasema kughani ni kwa mashairi tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenyekiti amekata pazuri, ila sababu yake ina kasoro. Kughani ni kutoa tungo kwa sauti iliyo kati ya kusema na kuimba: mahadhi yapo, lakini neno ndilo linalotangulia. Shairi la mizani (silabi) 16 kwa mshororo, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), hughaniwa bila ngoma wala zeze na lisipungukiwe kitu. Lakini maghani hayaishii hapo. Tendi zimo, majigambo yamo. Mzee akisimama katikati ya uwanja, fimbo mkononi, akajisifia ng'ombe na ujasiri wa ukoo wake, huyo anaghani, hata kama vina havijui.

Akina mama wa muheme ni habari nyingine. Ngoma wameibana mapajani, mmoja anaanzisha, wenzake wanapokea. Wanaimba hao, na wanachokirudia ni kiitikio. Wengine hukiita kibwagizo. Si kosa kubwa, ingawa mimi neno hilo naliwekea mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti wa shairi.

Kwenye ibada ndipo waandishi wanapoteleza. Kurani husomwa, hata msomaji awe na sauti ya kuliza watu. Andika kwamba sheikh wa Kondoa "aliimba" Kurani, uone simu zitakavyomiminika kabla ya adhuhuri. Uradi, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, huvutwa. Kwenye litania, kiongozi hutaja jina la mtakatifu, waumini wakaitikia "utuombee."

Kuitikia ndiko kunakofaa mikutano ya hadhara pia. Mtu akisema "Kidumu Chama cha Mapinduzi!" na umati ukajibu "Kidumu!", hakuna aliyeimba wala aliyeghani. Ila mashabiki wa Uwanja wa Jamhuri wakilirudia jina la mfungaji kwa makofi, naandika "wanaliimba jina lake" bila wasiwasi. Kuimba kumeshatanuka: hata diwani anayeulizia kisima kilekile kila kikao, watu husema "anaimba kisima."

Basi andika: "Akina mama waliimba muheme kwa saa nzima." Na kama kwenye sherehe hiyo kulikuwa na mzee wa kujigamba, mwombe mwenyekiti akurudishie "alighani" yako kwa ajili yake.